Tredimili haiwaki kabisa tangu umeme ulipokatika na kurudi: nianzie wapi kabla ya kununua bodi mpya?

Mkazi wa Mbezi ameuliza:

Habari za jioni, ndugu zangu. Nina tredimili (mashine ya kutembelea na kukimbilia) ya nyumbani niliyoinunua miaka mitatu iliyopita ikiwa imekwisha kutumika, nami huitegemea kila alfajiri tangu daktari aliponitaka nitembee walau nusu saa kwa siku kwa sababu ya shinikizo la damu. Jumamosi jioni umeme ulikatika mtaani kwetu, ukarudi baada ya dakika kumi hivi, ukakatika tena papo hapo, kisha ukarudi na kutulia. Wakati wote huo mashine ilikuwa imechomekwa ukutani, ingawa hakuna aliyekuwa akiitumia.

Asubuhi yake nilipobonyeza swichi iliyo chini kwa mbele, karibu na mahali waya unapoingilia, hapakuwa na dalili yoyote ya uhai. Taa ya swichi haikuwaka, dashibodi haikuonyesha namba, na ule mlio mfupi wa kuanza haukusikika. Soketi nimeijaribu kwa chaja ya simu na inafanya kazi. Fundi mmoja aliyepita nyumbani aliitazama kwa dakika tano bila kufungua hata skrubu moja, akasema bodi ya mota (sakiti inayoiendesha mota) imeungua na kwamba nimpe shilingi 450,000 akanitafutie nyingine. Huenda anasema kweli, lakini sikuona alichopima. Naomba mwenye uzoefu anieleze namna ya kuhakikisha kabla sijatoa fedha hizo.

Jirani wa Tabata amejibu:

Pole sana, kaka. Yangu iliwahi kuzima namna hiyo na nikakaribia kuiuza kama chuma chakavu, kumbe tatizo lilikuwa kitufe kidogo cheusi kilicho pembeni ya swichi kubwa. Kitufe hicho ni kikata umeme cha mashine yenyewe, na kikikata huchomoza nje kama milimita tano, kisha mashine hubaki imekufa hadi ukisukume kirudi ndani. Angalia pia ule ufunguo wa usalama wenye kamba ya kubana kwenye shati. Mwangu watoto waliuchukua wakaugandisha kwenye mlango wa friji kwa sababu una sumaku, nasi tukautafuta kwa siku mbili.

Fundi Mstaafu, Tanga, amejibu:

Ndugu muulizaji, jirani amekuelekeza vyema kuhusu kitufe, nawe ukijaribu kwanza, maana hakina gharama. Kuhusu ufunguo wa usalama ningeongeza jambo moja: katika mashine nyingi, ufunguo ukikosekana mota ndiyo hukataa kuzunguka, lakini dashibodi huendelea kuwaka na kuonyesha vistari au alama ya hitilafu. Ikiwa hata taa ya swichi haiwaki, kama ulivyoeleza, ufunguo si mshukiwa wangu wa kwanza. Umeme haufiki kabisa ndani ya mashine, au unafika na kukomea mlangoni.

Kwa hiyo ufuate umeme kama unavyofuata maji kwenye bomba, ukianzia ukutani na kwenda mbele hatua kwa hatua, wala usirukie bodi kwa kuwa tu bodi ndiyo kitu cha bei kubwa. Soketi umekwisha kuijaribu. Hatua inayofuata ni plagi, na hapo ndipo wengi hupita bila kutazama. Plagi zetu za pini tatu bapa zina fyuzi ndani yake, kwa kawaida ya ampea 13 kwa kifaa cha ukubwa huo. Chaja ya simu ina plagi yake mwenyewe, kwa hiyo kuwaka kwake hakukuambii lolote kuhusu fyuzi ya tredimili. Fungua plagi kwa bisibisi, toa fyuzi, uipime kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye alama ya omu, yaani ukinzani. Iliyo nzima itaonyesha karibu na sifuri, na iliyokatika haitaonyesha mwendelezo wowote. Ikiwa imekatika, weka nyingine ya ampea zilezile. Tafadhali usiweke kipande cha waya wala ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, kwa sababu fyuzi haikatiki bila sababu, na sababu yenyewe bado hatuijui.

Kabla ya yote hayo, soma kibandiko kilicho karibu na mahali waya unapoingilia. Mashine zilizotumika zinazotoka Marekani mara nyingi zimeandikwa volti 110 au 120, na mtu akiichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 zetu huua vitu kadhaa kwa mpigo mmoja. Yako imeishi miaka mitatu, kwa hiyo sidhani, lakini thibitisha.

Mkazi wa Mbezi ameandika tena:

Shikamoo, Fundi, na asanteni nyote wawili. Kibandiko kinasema volti 220 hadi 240. Kitufe hakikuchomoza. Fyuzi ya plagi ilikuwa imekatika kweli, na nilifurahi nikidhani safari imefika mwisho. Nikanunua ya ampea 13 dukani kwa jirani, nikaifunga, nikachomeka na kubonyeza swichi ya mashine. Palitokea mlio mmoja mkali, swichi kubwa ya nyumba ikajiangusha, na fyuzi mpya nayo ikakatika. Je, hii sasa ndiyo bodi?

Fundi Mstaafu, Tanga, amejibu:

Marahaba, mwanangu. Usiweke fyuzi ya tatu kwa sasa. Ya kwanza ingeweza kukatika kwa uchovu wake tu, lakini ya pili ikifa papo hapo ni ushahidi kwamba waya wa moto (unaoleta umeme) na waya wa nyutro (unaourudisha) zinakutana mahali fulani ndani ya mashine, yaani kuna shoti. Habari njema ni kwamba shoti hutafutwa bila umeme, kwa hiyo hutahitaji kuhatarisha kitu.

Chomoa plagi na uiweke mahali unapoiona kwa macho. Usitegemee kuzima swichi peke yake. Kisha weka swichi ya mashine kwenye hali ya kuwaka, huku plagi ikiwa mkononi mwako, uifungue, na upime omu kati ya ncha za waya wa moto na wa nyutro ndani yake, wala si kwenye pini, kwa sababu fyuzi iliyokatika ingeificha shoti. Mashine nzima itaonyesha makumi au mamia ya omu, na nyingine zaidi. Yenye shoti itaonyesha chini ya omu moja au mbili. Zima swichi upime tena. Ikiwa shoti inatoweka, waya wa kuchomeka ni mzima na tatizo liko mbele ya swichi.

Baada ya hapo ndipo ufungue kifuniko cha mota. Mashine ikae imechomolewa kwa muda usiopungua nusu saa, kwa sababu bodi ya mota ina kapasita kubwa (vihifadhi umeme) ambazo, umeme wa volti 230 ukishanyooshwa kuwa wa mkondo mmoja, hufikia takriban volti 325 na zinaweza kuushikilia hata baada ya kuchomoa. Zipime volti kabla ya kugusa. Nimewahi kurushwa na kapasita ya namna hiyo nikiwa fundi mwenye miaka ishirini kazini, na kosa lilikuwa la haraka zangu, wala si la kutojua.

Ndani, kabla ya bodi kubwa, mashine nyingi huwa na kibodi kidogo cha kuchuja umeme chenye koili ya waya wa shaba na vijikapasita. Chunguza kama mashine yako inacho. Kama kipo, piga picha ya nyaya zote, kisha chomoa zile mbili zinazotoka kwenye kibodi hicho kwenda bodi kubwa, na upime tena kwenye plagi. Shoti ikiendelea kuonekana hali bodi kubwa imetengwa, basi bodi unayotozwa 450,000 haina hatia. Ikitoweka, hatia iko upande wa bodi kubwa, na hapo tutazungumza kuhusu sehemu zake, yaani daraja la dayodi na transista inayoendesha mota. Tazama pia kama kuna mjusi. Sifanyi mzaha: hupenda joto la mota, hujipenyeza chini ya kifuniko, na mmoja akilala juu ya nukta mbili za umeme huondoka yeye na fyuzi.

Mama Kisauni ameuliza:

Samahani kwa kuingilia. Mimi niko Mombasa na yangu nayo haiwaki, ila nilipofungua kifuniko niliona taa ndogo nyekundu inawaka kwenye bodi ya chini. Dashibodi tu ndiyo giza. Je, nami nina shoti?

Fundi Mstaafu, Tanga, amejibu:

Hapana, mama. Taa hiyo inaonyesha kwamba umeme umefika kwenye bodi, kwa hiyo fyuzi na swichi zako ni nzima. Kwako umeme umekwama njiani kupanda juu. Chunguza kebo nyembamba inayopita ndani ya mguu wa mashine hadi kwenye dashibodi, hasa pale mashine inapokunjwa, kwa sababu kebo hubanwa hapo kila unapoisimamisha. Chomoa viunganishi vyake pande zote mbili mashine ikiwa imetengwa na umeme. Kwa hewa yetu ya chumvi pini huota kutu ya kijani, na mara nyingi kuzisafisha kwa spiriti na brashi laini hutosha. Ikiwa kebo ni nzima na pini ni safi, ndipo dashibodi yenyewe ishukiwe.

Mkazi wa Mbezi ameandika tena:

Nimefanya kila ulichonielekeza, Fundi. Mjusi hakuwapo, bali vumbi jingi na hereni moja ya binti yangu iliyopotea tangu mwaka jana. Kibodi cha kuchuja kipo, kina ukubwa wa kiberiti. Pamoja na nyaya zote, plagi ilisoma omu 0.6. Nilipotenga bodi kubwa, iliendelea kusoma omu 0.6. Nilipokitazama kibodi kwa karibu niliona kitu cha mviringo cha buluu, mfano wa peremende bapa yenye miguu miwili, kimepasuka ubavuni na kuacha weusi kwenye bodi. Upande usioungua unasomeka 14D471K.

Fundi Mstaafu, Tanga, amejibu:

Huyo ndiye aliyekufa akiilinda nyumba. Kinaitwa varista. Kimefungwa kati ya waya wa moto na nyutro, na katika volti za kawaida hukaa kana kwamba hakipo. Umeme ukipanda kupita kiasi, kama unavyopanda wakati mwingine unaporudi baada ya kukatika, hufungua njia na kuumeza ule wa ziada usiende mbele. Kikimeza zaidi ya uwezo wake huungua na njia hiyo ikabaki wazi muda wote, na ndiyo shoti uliyoipima. Namba 14 ni upana wake kwa milimita, na 471 maana yake ni 47 ikifuatiwa na sifuri moja, yaani volti 470 ambazo huanza kufungua.

Nunua cha namba ileile. Usikubali 14D241K hata muuzaji akikuambia ni kilekile, kwa sababu hicho ni cha nchi za volti 120 na kwetu kitaungua mara tu utakapowasha. Kukitoa tu na kuendelea bila varista kutaiwasha mashine, na wapo mafundi wanaofanya hivyo, lakini siku umeme utakaporudi vibaya tena kitakachoumia ni bodi kubwa.

Ukishafunga kipya na kuweka fyuzi nyingine ya ampea 13, usichomeke moja kwa moja. Mwombe fundi aunganishe glopu ya zamani ya wati 100, ile ya kuwaka kwa waya, kwa mfuatano na waya wa moto wa mashine. Glopu ikimulika kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti bado ipo na glopu imeokoa fyuzi yako. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, kapasita zimejaa na njia ni salama. Usijaribu kuendesha mkanda katika hali hiyo, kwani glopu haiwezi kupitisha umeme wa kutosha mota.

Mkazi wa Mbezi ameandika tena:

Ninaandika baada ya kutembea dakika ishirini na tano. Varista niliipata Kariakoo kwa shilingi 1,500, na kijana anayetengeneza redio mtaani alinilehemea kwa shilingi 5,000. Glopu ilimulika, ikafifia, na nilipochomeka moja kwa moja mlio wa kuanza ukasikika. Sasa nina swali la mwisho: nina kile kifaa cha kulinda friji ambacho wengi tunakiita frijigadi, kinachosubiri dakika chache umeme ukirudi kabla ya kuupitisha. Je, nikitumie kwa tredimili?

Fundi Mstaafu, Tanga, amejibu:

Soma ampea zilizoandikwa juu yake. Vingi vya friji ni vya ampea 5, wakati mota ya nguvu farasi mbili huhitaji karibu wati 1,500, ambazo kwa volti 230 ni takriban ampea 6.5, na huvuta zaidi mtu anapokanyaga mkanda kwa uzito. Tafuta cha ampea 13 au zaidi, na usikichomeke kwenye waya mrefu mwembamba wa kurefushia. Hadi utakapokipata, chomoa plagi kila umalizapo mazoezi. Varista uliyoifunga ni moja tu, nayo haiwezi kumeza mara mbili kile kilichoipasua mwenzake.