Tupeane uzoefu: korongo la mto Kakombe (Gombe), kwenda na kurudi siku moja

Mwanzisha mada
Mwakeye wakuu. Ikitajwa Hifadhi ya Gombe humu, majibu yote ni sokwe. Leo tuongelee korongo la Kakombe na maporomoko yake, kwa mtu aliyekuja Kigoma mjini kwa shughuli nyingine na ana siku moja tu ya kuiba. Wekeni vitu vya kumsaidia: boti, mafuta, njia, viatu. Bei acheni, zinabadilika, kesho mtaitwa waongo.

Mzee wa Kibirizi
Korongo halina shida. Kutoka Kasekela, wanakoshushwa wageni, hadi chini ya maporomoko ni nusu saa, dakika 45 kwa wanaosimama kupiga picha. Kinachokula siku ni Ziwa Tanganyika.

Boti za abiria zinatoka Kibirizi, ufukwe wa boti wa hapa Kigoma, mchana, kuanzia saa sita hivi, kuelekea vijiji vya kaskazini kama Mwamgongo. Za kurudi mjini zinapita Gombe asubuhi na mapema. Kwa hiyo ukipanda boti ya abiria umeshalala huko, upende usipende. Siku moja inataka boti ya kukodi, na saa kumi na mbili asubuhi muwe mmeshaondoka ufukweni.

Mkipatana na nahodha, msiishie kwenye bei. Ulizeni mafuta ni ya nani na yako wapi. Yale ya kurudi yawe ndani ya boti kabla ya kung'oa nanga, na yazidi ya kwenda. Mei hadi Septemba kusi inavuma, na Kigoma iko kusini mwa Gombe, kwa hiyo mnarudi upepo ukiwa usoni. Boti inapanda wimbi, inapiga chini, inapanda tena, na injini inakunywa.

Na mtazame akichanganya oili na petroli. Injini nyingi za boti hizo zinataka oili 1 kwa petroli 50, yaani dumu la lita 20 linapewa oili mililita 400. Oili ikipungua pistoni inakwama. Ikizidi, plagi inashika masizi na injini inaanza kukohoa katikati ya maji. Anayekadiria kwa kifuniko cha chupa, mwulize ana plagi ya akiba na spana yake. Maboya yahesabiwe mkiwa bado nchi kavu, moja kwa kila kichwa, watoto wakiwemo.

Msitu_Mnene
Naongezea ya njiani. Njia inafuata mto ndani ya msitu mzito, na kinachoangusha watu ni mizizi. Kanyaga kati ya mizizi, usikanyage juu yake. Mzizi uliolowa unateleza kuliko tope. Kwenye mawe ya mtoni, jiwe jeusi linalong'aa lina utelezi wa mwani. Tafuta lenye ngozi kavu ya kijivu. Raba zenye meno zinatosha, sendo hapana. Fimbo chukueni, hasa kwa kushuka, maana magoti yakichoka ndipo mguu unapokosea. Novemba hadi Aprili ni mvua, ongezeni muda.

Mwisho wa njia kuta zinabana, unasikia kishindo kabla ya kuona kitu, halafu maji hayo hapo, yanashuka kama mita 25. Manyunyu yanafika mbali, simu iwe imeshafungwa vizuri. Hapa ndipo Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika Gombe Julai 1960, alipoeleza madume ya sokwe wanavyofanya mbwembwe mbele ya maporomoko: wanayumba, wanabembea kwenye mimea ya kutambaa, wanarusha mawe. Msiende mkidhani lazima mtaliona onyesho hilo. Maporomoko yenyewe yanatosha.

Mgebuka Mkavu
Msituni hamwingii bila mwongozaji, na malipo ya hifadhi si ya noti mkononi. Malizeni habari ya malipo mkiwa mjini, ambako mtandao upo.

Mkikutana na sokwe njiani, umbali usipungue mita 10, na hakuna kula mbele yao. Mwenye mafua au kikohozi aseme mapema na abaki. Sokwe wanaambukizwa na sisi kirahisi. Mwaka 1966 polio iliwapiga vibaya.

Ila wezi ni nyani. Wanajua mfuko, wanajua hata sauti ya pakiti ya biskuti. Chakula kisipande korongoni kabisa. Kuleni andazi na chai kabla ya kupanda, kingine kifungiwe ndani huko Kasekela, mkononi mbaki na maji tu, lita moja na nusu kila mtu. Mifuko ya plastiki isahauni, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Kuoga: mito ya Gombe ina kichocho. Maji ni meupe, yanashawishi, lakini mtoke na kiu yenu ya kuogelea.

Mnyamwezi wa Tabora
Asanteni wakuu. Nikija na treni ya reli ya kati ikanishusha Kigoma asubuhi, boti naweza kuiunga siku hiyohiyo?

Mzee wa Kibirizi
Usithubutu, ndugu yangu. Treni ikichelewa saa tatu tu, mnaondoka jua limeshapanda na mnarudi gizani kwenye mawimbi. Fika, lala Mwanga pale mjini au Kibirizi, jioni kaitazame boti na injini yake ikiwaka. Safari iwe kesho yake.