Memphis siku moja: mbavu na kitu kitamu

Swali: Wadau, nitapita Memphis, Tennessee. Nyama choma yao halisi iko wapi? Na kitu kitamu baadaye?

Jibu: Rendezvous, kichochoroni katikati ya mji, tangu 1948. Mbavu za nguruwe huchomwa juu ya mkaa, hupakwa siki na viungo vikavu. Usitarajie moshi mwingi.

Jibu: Ukitaka moshi, Payne's. Agiza mkate wenye nyama iliyokatwakatwa, omba vipande vya nje, vya kahawia. Moshi umeshika hapo. Kachumbari ya kabichi ni ya haradali, njano kabisa. Kula palepale, ukibeba mkate unalowa.

@Mleta mada: kama huli nguruwe, Cozy Corner wana kuku mdogo mzima, ila jiko ni lilelile la nguruwe. Kitamu ni pudini ya ndizi, yenye biskuti ndani: zikiwa bado kavu, pudini haijakaa vya kutosha.