Miezi minne napiga miguu kwenye saruji Chennai, leo naambiwa nipakwe poda au niwe mkia wa nyoka!

Wakuu, heshima kwenu. Huu uzi nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo acha utoke.

Nasoma hapa Chennai, kusini mwa India, na mwaka wa pili huu najifunza Bharatanatyam, ngoma ya jadi ya huku. Msichanganye na zile za kwenye filamu za kutikisa mabega. Hii unakaa nusu mchuchumao, magoti yameelekea nje, mgongo wima kama umemeza mwiko, halafu unapiga nyayo. Mwalimu kakaa chini na kijiti chake anagonga kipande cha ubao: tai-ya-tai-hi. Mwendo wa kwanza, wa pili mara mbili yake, wa tatu mara mbili tena. Adi tala, yaani mzunguko wa mdundo tunaoufuata, ina mapigo manane. Ukikosa moja mnaanza wote upya, na wenzako wanakutazama kama umewaibia kuku.

Hilo sijalilalamikia hata siku moja. Nililitaka mwenyewe.

Sasa kuna onyesho la utoto wa Krishna, mungu wa Wahindu. Nikachaguliwa kuwa mmoja wa gopi, wale wasichana wachunga ng'ombe. Nikalipa rupia 9,000 za mavazi na vito. Miezi minne mazoezi kwenye ukumbi wa harusi wa kukodi, sakafu saruji tupu, na kila anayecheza ngoma hii anajua saruji hairudishi mguu, mshindo wote unaishia kwenye muundi. Tunaitwa saa kumi jioni, msaidizi wa mwalimu anaingia saa kumi na mbili na chai mkononi. Usiku nashuka ngazi za hosteli kinyumenyume nimeshika ukuta. Nikasema sawa, ndiyo kujifunza.

Juzi, siku kumi kabla ya onyesho, tunajaribu mavazi. Nywele zangu fupi, kipilipili, ule msuko wa bandia wa kufika kiunoni wameufunga kwa uzi na pini kama ishirini, kichwa kinawaka moto. Nimevumilia. Kisha kaka wa vipodozi anakuja na kopo la poda, ananipaka shavu moja. Najitazama kwenye kioo: shavu moja langu, jingine la maiti. Nikamwambia kaka, hii si rangi yangu. Akamwita msaidizi. Huyu tunamwita Akka, yaani dada mkubwa kwa Kitamil. Akka akanijibu bila hata kuona aibu: taa za jukwaani zitakufanya usionekane, na gopi lazima wafanane. Ama poda, ama nihamie kundi la Kaliya.

Kaliya ni yule joka la mtoni mwenye vichwa vingi ambaye Krishna anamchezea juu ya vichwa. Na mimi hata kichwa sikupewa wakuu. Mkia!

Sasa sikilizeni kioja. Neno Krishna lenyewe kwa Kisanskriti maana yake ni mweusi. Nyimbo tunazochezea zinamsifu kwa rangi ya wingu la mvua. Anayemcheza ni binti mweupe, na hapohapo pembeni yangu alikuwa anapakwa bluu mikono yote ili afanane na huyo mweusi! Yeye anatiwa rangi awe mweusi, mimi natiwa poda nisiwe. Nilicheka kwa hasira mpaka pini zikaanguka.

Na hawa hawa wiki ya kwanza walitufundisha kwa uchungu historia ya madevadasi, wanawake wa mahekalu waliobeba ngoma hii, wakadharauliwa mpaka sheria ya Madras ya 1947 ikaja kupiga marufuku mila yao, huku ngoma yenyewe ikihamia kwa mabinti wa familia zenye majina. Akka alilia siku ile. Machozi kabisa.

Nimegoma poda. Nimeomba rupia zangu 9,000, naambiwa mavazi yameshashonwa kwa vipimo vyangu. Sawa, nipeni hayo mavazi. Hapana, ni ya kundi. Kwa hiyo nguo ya gopi niliyoilipia anavaa mwingine, imebanwa kwa pini kiunoni, na mimi natambaa nyuma nimeshika kitambaa cha kijani.

Kuna aliyewahi kudai hela ya namna hii kwenye vikundi vya India akalipwa? Risiti ninayo, ya mkono, ina sahihi ya Akka. Na wale wa "ungebaki na mdundiko wako" piteni kushoto, kesho saa kumi nina mazoezi ya mkia.