Picha za tai mtoni zinatoka na ukungu. Niuze lenzi?

BabaAmani_Iowa:
Habari zenu wakuu. Naishi Davenport, kando ya mto Mississippi. Jumamosi nilienda bwawa la Lock and Dam 14, karibu na mji wa LeClaire, kupiga picha tai wenye vichwa vyeupe. Baridi ilikuwa nyuzi 17 chini ya sifuri, mto umeganda kote isipokuwa pale chini ya bwawa, na tai walijaa kwenye miti. Nilikaa garini, hita nimeifungulia mpaka mwisho, dirisha wazi, lenzi ya kuvuta mbali, milimita 150-600, nimeilaza mlangoni. Nimerudi na picha 900, hata moja haina makali. Manyoya kama yamepakwa mafuta. Theluji imetoka kijivu, na tai akipita juu ya maji kichwa kinaungua, cheupe pe. Nikashuka nisogee, wakaruka wote. Betri nayo ikazima ndani ya saa moja. Lenzi hii niiuze?

Chui_wa_Bonde:
Spidi ya shata ulitumia ngapi? Tai akiruka usishuke chini ya 1/2000 ya sekunde.

BabaAmani_Iowa:
1/2500, mkuu. Hata aliyetulia tawini ametoka vilevile.

DadaMkubwa_Mtoni:
Baba Amani, usiuze kitu. Mimi hapo huu ni msimu wangu wa sita, na kosa hilo la hita lilinila majira mazima. Hewa ya moto inatoka dirishani, inakutana na baridi, inacheza mbele ya lenzi kama mvuke wa sufuria. Hakuna fokasi itakayopenya hapo. Zima hita, shusha vioo, subiri nusu saa gari lipoe kabisa. Vaa kama mvuvi wa usiku, chukua na chai.

Mwanga: kamera ikiona theluji tupu inadhani pamezidi weupe, inapunguza, ndiyo kijivu chako. Ikiona maji meusi inaongeza, kichwa kinaungua. Weka herufi M, yaani mwanga uupange mwenyewe, pima kwa kichwa cha tai aliye juani, halafu usiguse tena mpaka jua libadilike. Wale wa kahawia mwili mzima ni watoto, kichwa huwa cheupe wakifika kama miaka mitano. Usipimie hao.

Tai huruka na kutua akiukabili upepo. Upepo ukikupiga mgongoni, atakuja uso kwa uso na wewe. Mimi naangalia hilo kabla sijatoka nyumbani, na siku nyingine nabaki nimelala.

Betri ya pili ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ukirudi, funga kamera ndani ya begi kabla hujaingia nyumbani na uiache saa mbili, la sivyo itatoa jasho mpaka ndani ya lenzi.

Na nakuomba sana, usishuke tena kuwasogelea. Tai wamekuja pale kwa sababu maji yamebaki wazi na samaki wanapita kwenye milango ya bwawa. Ukimrusha tawini unamchomea nguvu aliyopata kwa samaki mmoja, na usiku unakuja na baridi yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1940 inakataza kuwasumbua, hata unyoya ulioanguka huruhusiwi kuokota. Najua Naivasha wenye boti hupiga mluzi na kurusha samaki ili tai ashuke. Huku usijaribu. Garini wanakuzoea, wewe kaa tu.

Chui_wa_Bonde:
Hilo la hita sikulijua. Asante, dada.

BabaAmani_Iowa:
Dada, nimerudi leo asubuhi. Hita nimezima, vidole vilikufa ganzi, nimekaa saa tatu bila kufungua mlango. Mmoja ametua mti wa karibu na samaki mguuni. Nimekuza picha kwenye kompyuta: kuna matone ya barafu yameganda kwenye manyoya ya kifua, na gamba moja la samaki limenata pembeni ya mdomo. Nimemwita mke wangu aje aone.