Tupeane uzoefu: kupima hewa inayopita ndani ya kulasi mpya

Ndugu mafundi, nawaomba wote waliowahi kupima hewa kwenye kulasi, yaani silinda hedi, isiyotoka kwa kiwanda kilichounda gari, watueleze walichokikuta. Nianze mimi wa Goma.

Mteja alituletea Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita, ambayo tangu ibadilishwe kulasi ilikuwa ikitoa moshi mweusi kila ikipanda mlima, ingawa pampu na nozeli zilikwisha kuchunguzwa. Hapa tupo karibu mita 1,500 juu ya bahari, presha ya hewa imepungua kwa karibu moja ya sita, na injini hiyo haina tabo, yaani feni ya kusukumia hewa ndani, ili kufidia, kwa hiyo kasoro ndogo ya njia ya hewa haichelewi kujulikana. Tuliunda kifaa chetu kwa sanduku la mbao lililozibwa, mota tatu za mashine za kufyonza vumbi, bomba la milimita 94 kama silinda yenyewe, bamba lenye tundu la kupimia, na mirija miwili ya maji ya kuonyesha presha. Wenye mashine za kununua hupima kwa presha ya inchi 28 za maji, karibu sentimita 71. Mota zetu ziliishia sentimita 40, nasi hatukujali, maana tulikuwa tukilinganisha tundu na tundu la kulasi kwa presha ile ile. Mdomo wa kila tundu tuliuzungushia udongo laini wa kuchezea watoto, kwa sababu ukingo mkali huivuruga hewa na kukupa kipimo cha uongo, kisha tukafungua vali milimita moja moja.

Matundu matano ya kuingizia hewa yalikaribiana. La sita lilibaki nyuma kuanzia milimita ya nne. Kidole kiliona kabla ya tochi: chini ya siti ya vali, yaani pale vali inapokalia ikifungwa, palikuwa na ngazi ya chuma ambayo haikusawazishwa kiwandani, ilhali rangi ya nje ilipendeza kuliko ya kulasi asili. Tuliisugua taratibu bila kugusa siti, na tundu likafikia wenzake. Moshi ulipungua sana, haukwisha.

Jibu kutoka Bukavu: Fundi, hongera, ila hukutaja umeme. Kwetu hupanda na kushuka, mota hubadili mwendo, na siku ya kwanza tundu moja lilitupa majibu matatu. Tuliweka koki pembeni ya sanduku ili kurudisha maji kwenye alama kabla ya kila kusoma, na mwishoni tunarudia tundu la kwanza. Lisipotoa jibu lile lile, ukurasa wote tunaufuta. Vilevile tunapima vali zikiwa zimefungwa, ili hewa inayovuja tuitoe kwenye hesabu.

Jibu kutoka Lubumbashi: Sisi tulipima siku nzima, matundu yote yakalingana, kumbe kati ya vali mbili palikuwa na ufa. Ulionekana tulipoijaza kulasi maji ya moto yenye presha, na mwenye mali alikuwa amekwisha kuitupa risiti. Siku hizi maji hutangulia, hewa hufuata.