Farasi mchanga wa telki atiwe lijamu gani? Tujadili

Mleta mada, Kigamboni

Wakuu, habari za leo. Naiweka hoja yangu mezani mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Farasi aliye chini ya miaka mitano asitiwe lijamu (chuma cha mdomoni) ya mikono mirefu, na farasi wa kukodishwa ufukweni asitiwe kabisa, awe mchanga au mkubwa. Nazungumzia ile yenye vyuma viwili vinavyoning'inia pembeni mwa mdomo, vigwe, yaani kamba anazoshika mpandaji, vinafungwa huku chini, na mnyororo unapita chini ya kidevu.

Nimelileta hapa kwa sababu kila nikikutana na mwenye farasi wa telki naambiwa neno lilelile: bila lijamu ya mikono, telki haitoki. Hilo si kweli, na wanaoumia kwa imani hiyo ni wanyama wasioweza kusema.

Kwa asiyeujua mwendo huu, telki ni mwendo wa haraka ambao miguu minne inagusa chini kwa zamu, mmoja mmoja, kwa hiyo mpandaji harushwi kama kwenye mwendo wa matiti, ule wa mbio ndogo za kudundadunda. Farasi wa Iceland wanao mwendo wa namna hiyo, Tennessee Walking Horse wa Marekani wanao, Paso Fino wanao. Huzaliwa nao. Mwaka 2012 wanasayansi walionyesha kwamba badiliko moja kwenye jeni iitwayo DMRT3 lina mchango mkubwa katika kuwapa farasi miendo hii ya ziada. Chuma cha mdomoni hakiwezi kumpa farasi kitu ambacho kiko kwenye damu, mgongo na miguu yake.

Kinachoweza ni kukiharibu. Ukimkazia mdomo farasi mchanga ananyanyua kichwa, mgongo unazama, misuli inakakamaa. Hapo miguu ya upande mmoja inaanza kwenda pamoja, na mpandaji anayumbishwa kushoto na kulia. Mwenye farasi anaona telki imepotea, anasema lijamu ni dhaifu, anatafuta ndefu zaidi. Farasi anazidi kukakamaa.

Tazameni na hesabu yake. Sehemu ya mkono iliyo juu ya chuma cha mdomoni ikiwa sentimita 5 na ya chini 10, kilo moja unayovuta kwenye kigwe inakaza mnyororo wa kidevu kwa takriban kilo mbili, na ule mfupa wa taya unaokaliwa na chuma unabeba zaidi ya hapo. Mfupa huo una ukingo mwembamba na umefunikwa na ufizi tu. Huko Iceland walipochunguza midomo ya farasi wa mashindano, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulihusisha lijamu za mikono zenye upinde wa katikati na majeraha kwenye mfupa huo. Baadaye zikapigwa marufuku mashindanoni. Hao ni watu waliokaa na farasi wa telki zaidi ya miaka elfu moja.

Mimi namwanzisha farasi kwa kamba ya pua, akiwa anaongozwa kwa miguu, mpaka ajue kusimama, kugeuka na kurudi nyuma kwa sauti na kwa mguso. Kisha lijamu ya pete, ya viungo viwili, isiyo na mikono. Karibuni tujadili.

Mchangiaji, Mbezi Beach

Mkuu, Dar nzima ina farasi wangapi mpaka tujadili vyuma vya midomo yao? Kuna punda wa mikokoteni wanaofungwa waya mdomoni, hao hatuwaoni?

Mleta mada

Tunawaona, ndugu yangu, na waya ni ukatili ulio wazi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haibagui punda na farasi. Lakini uchache wa farasi ndio unaowaponza. Ndorobo (ugonjwa unaoenezwa na mbung'o) na maradhi yao mengine yamewafanya kuwa adimu nchini, kwa hiyo wanaojua midomo yao ni wachache, na kosa la mmoja linaigwa na wote.

Mchangiaji, Kunduchi

Binti yangu, nimekusoma kwa makini na nakuheshimu, lakini umekilaumu chuma ukaacha mkono. Nimepanda farasi tangu ujana. Lijamu ya mikono kwa mtu anayejua haivutwi, inaguswa. Kigwe kimelegea, kidole kimoja kikisogea farasi ameshaelewa. Na nimewaona watu na hiyo lijamu yako ya pete wakimsugua farasi mdomo kushoto kulia mpaka pembe za midomo zinachubuka. Sasa nani mkatili hapo?

Jambo la pili ni usalama. Ufukweni siku ya sikukuu kuna watoto, mipira, bodaboda na spika za muziki. Farasi mchanga akishtuka akatoka shoti katikati ya watu, utamzuia na pete?

Mchangiaji, Tabata

Hapo kwenye usalama nipo na mzee. Nina farasi wawili wa kukodisha, na wateja wangu wengi ni mara yao ya kwanza kupanda. Nisipoweka chuma cha kumzuia farasi, mtoto wa watu akianguka kesi ni yangu.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Kuhusu mkono umesema kweli, na sina ubishi: lijamu ya pete kwenye mkono mbaya inaumiza. Ila inaumiza kwa nguvu ya mkono huo tu, haiongezi. Mkono kama wako wapo wangapi hapa mjini? Huwezi kuweka kanuni ya farasi wa kukodisha kwa kumtazama mpandaji mmoja hodari. Kanuni inatazama yule anayepanda leo kwa mara ya kwanza, anayeshika vigwe kama usukani wa bodaboda na kuvining'inia kila anapohisi anaanguka.

Na hapo ndipo nakujibu, kaka wa Tabata. Mteja huyo huyo ndiye unayempa chuma kikali kuliko vyote. Farasi akishtuka, mteja naye anashtuka, anavuta kwa uzito wote, maumivu yanapiga ghafla, na farasi mchanga anayeumia mdomo anaweza kusimama kwa miguu ya nyuma au kukimbia zaidi. Breki ya farasi wa kukodisha ni saisi, yaani mtunza farasi, anayetembea pembeni ameshika kamba ya kuongozea. Mteja asiyejua aketi, ashike tandiko, afurahie bahari. Na farasi ambaye bado anashtushwa na spika hajafika wakati wa kubeba watoto, hata umtie chuma gani.

Mchangiaji, daktari wa mifugo

Naongeza la meno kwa sababu limesahaulika. Farasi anabadilisha meno ya utoto kuanzia karibu miaka miwili na nusu hadi mitano, yaani umri uleule anaofundishwa. Wengine wanakuwa na kijino kidogo mbele ya magego ya juu, hakina kazi, lakini chuma kikikigusa farasi anatupa kichwa na watu wanamwita mkaidi. Madume huota na meno ya chonge wakiwa na miaka minne au mitano. Daktari aangalie mdomo kabla ya chuma chochote kuingia.

Vipimo pia. Chuma kizidi upana wa mdomo kwa kama nusu sentimita kila upande. Kinene mno si lazima kiwe laini, maana farasi mwenye ulimi mkubwa hana pa kukiweka. Mkanda wa pua uache nafasi ya vidole viwili juu ya mfupa wa pua.

Mchangiaji, Chanika

Daktari, lijamu dukani sizioni. Fundi wa kuchomelea anaweza kunitengenezea ya nondo?

Mchangiaji, daktari wa mifugo

Usijaribu, ndugu. Mshono wa kuchomelea unabaki na makali hata ukisuguliwa, na kiungo kikilegea kinabana ulimi. Tafuta ya chuma kisichoshika kutu. Zile za kupakwa rangi ya fedha, kwa chumvi ya bahari ya hapa, zinabanduka magamba yanayokata. Isuuze kwa maji yasiyo ya chumvi kila ukitoka ufukweni, na kama ilikuwa juani, ishike kwanza kwa kiganja chako kabla hujamtia mnyama mdomoni.

Mchangiaji, Kunduchi

Marahaba binti. Kwa farasi wa kukodisha nimekubali, saisi na kamba. Kwa farasi wangu mwenyewe, aliyekomaa, lijamu yangu siivui.

Mleta mada

Aliyekomaa sina neno naye, mzee wangu. Nauliza yule wa miaka mitatu uliyemwanzisha juzi.