Mashine ya kukaushia nguo inazungusha dramu lakini haitoi joto

Mkazi wa Uyole:

Wadau, habari za kazi. Naomba msaada kwa yeyote anayezifahamu mashine za umeme za kukaushia nguo, zile zinazotoa hewa yenye unyevu nje ya nyumba kwa bomba. Yangu ina hita ya wati 2,300, na tangu mvua zilipoanza mwezi wa Novemba imefanya kazi karibu kila siku, kwa sababu huku kwetu nguo zinaweza kushinda kambani kutwa nzima na jioni ukazianua zikiwa mbichi vilevile, nami nina mtoto mchanga ambaye nepi zake haziwezi kusubiri jua.

Tatizo lilianza taratibu. Kwanza nguo zilichukua muda mrefu kukauka, kisha mfuniko wa juu wa mashine ukawa unapata moto kuliko zamani, na wiki iliyopita joto likakatika kabisa. Dramu inazunguka na taa inawaka, lakini hewa inayotoka ni ya baridi. Fundi niliyemwita alifungua nyuma, akapima, akasema fyuzi ya joto imekatika, akapendekeza aziunganishe nyaya zake mbili moja kwa moja ili mashine iendelee na kazi, kwa maelezo kwamba katika nchi ya baridi kama hii kifaa hicho hakina umuhimu. Nilimwomba asubiri kwanza. Je, jambo hilo ni salama? Na ni kitu gani kilichoikata?

Fundi wa Mafinga:

Dada, umefanya vyema kumzuia, na nakusihi usikubali hata kwa siku moja. Baridi ya Mbeya haihusiki hapo, kwa kuwa fyuzi ile haipimi hali ya hewa ya nje, inapima joto lililo jirani na hita ndani ya mashine. Thamostati ndiyo inayowasha na kuzima hita wakati wote wa kazi, na fyuzi ya joto ni ulinzi wa mwisho pale joto linapozidi kiwango. Ukiiruka, hita inaweza kuendelea kuwaka huku hewa haipiti, na vumbi la nyuzi lililojikusanya ndani hushika moto upesi sana.

Fyuzi hiyo haikukatika bila sababu. Dalili ulizozieleza, nguo kuchelewa kukauka na mfuniko kupata moto kabla ya joto kukatika, kwa kawaida ni za hewa iliyozibwa. Chomoa plagi kwanza, kisha safisha chujio la nyuzi, fungua bomba lote tangu mgongoni mwa mashine hadi nje ya ukuta, na mwombe fundi aondoe vumbi kuzunguka feni na kisanduku cha hita. Baada ya hapo apime hita yenyewe, akiwa amechomoa waya zake ili asidanganywe na njia nyingine ya umeme. Kwa wati 2,300 kwenye volti 230, usomaji uwe karibu na omu 23. Apime pia kati ya hita na bati la mashine, mahali ambapo hapatakiwi kuwa na mawasiliano yoyote. Yakiwepo, hita hiyo ibadilishwe, kwa sababu waya wake umegusa bati. Thamostati nayo ikaguliwe, maana ikiganda katika hali ya kuwasha, fyuzi mpya itakatika kama ya zamani.

Fyuzi mpya inunuliwe kwa namba ya modeli ya mashine, iwe na kiwango kilekile cha joto kilichoandikwa juu ya ile ya zamani. Yenye kiwango kikubwa zaidi haifai.

Mama wa Tukuyu:

Mwanangu, pole kwa usumbufu. Huku kwetu Rungwe mvua hazina mchezo, kwa hiyo mashine hizi nazijua vizuri. Naomba utazame mahali pawili ambapo mafundi wengi hawafiki. Pa kwanza ni kile kifuniko cha nje ya ukuta kinachojifungua hewa inapotoka. Nyuzi zikilowa pale huganda kama tope na kifuniko hakinyanyuki tena. Washa mashine, toka nje, uweke kiganja. Kama husikii upepo wa nguvu, tatizo liko njiani. Pa pili ni chujio lenyewe. Linaweza kuonekana safi kwa macho, kumbe dawa ya kulainishia nguo imeacha utando. Limwagie maji ya bomba: yakituama juu yake badala ya kupita, lisugue kwa sabuni na brashi laini, kisha likauke kabisa kabla ya kulirudisha.

Mdau wa Njombe:

Naongeza jambo la umeme. Volti zikishuka hadi 180, kama inavyotokea jioni kwenye baadhi ya mitaa iliyo mbali na transfoma, hita hubaki na takribani asilimia 61 ya nguvu yake, yaani wati 2,300 zinakuwa kama 1,400. Nguo zitachelewa hata mashine ikiwa nzima, na uniti za LUKU zitaendelea kwenda kwa kuwa dramu inazunguka muda mrefu zaidi. Vilevile hita hiyo hula ampea 10, kwa hiyo ichomekwe kwenye soketi ya ukutani na si kwenye ekstensheni nyembamba. Plagi ikiwa na alama ya kuungua, ibadilishwe pamoja na soketi yake.

Mkazi wa Uyole:

Shikamoo mama, na asanteni sana nyote. Leo tumeisogeza mashine na kukuta bomba limebanwa kati ya mgongo wake na ukuta hadi limekuwa bapa, na ndani ya mkunjo mmejaa nyuzi zilizoshikamana. Hita imesoma omu 24 na haina mawasiliano na bati. Fyuzi nimeagiza kwa namba ya modeli. Je, ikifika niiwashe moja kwa moja na nguo?

Fundi wa Mafinga:

Hapana dada, iwashe kwanza bila nguo, bomba likiwa limenyooka na mashine ikiwa mbali kidogo na ukuta. Isikilize thamostati: hita inatakiwa kuzima na kuwaka tena yenyewe huku dramu ikizunguka. Ukiona haizimi kabisa, chomoa plagi na ubadilishe thamostati kabla ya kuweka nepi hata moja.